Kisima kikishuka, tazama kilimani

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, kila kiangazi nasikia malalamiko yale yale: kisima kimeshuka, mvua zimebadilika. Mvua zina sehemu yake. Na sisi tuna yetu, na siku hizi unaweza kuiona kwa simu yako.

Unguja haina milima mirefu. Tuna mgongo wa Masingini, usiofika hata mita 150, na msitu wake umehifadhiwa kwa ajili ya maji ya mji. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchem kutoka upande wa Bububu hadi Mji Mkongwe. Chemchem huishi kwa mvua inayozama ardhini. Penye miti mvua huzama. Penye bati na sakafu hukimbilia baharini.

Fungua Google Earth, chagua picha za miaka ya nyuma, tafuta Bububu, Dole na Kianga. Linganisha ya zamani na ya karibuni. Uone mapaa yalivyopanda.

Wapo wanaosema setilaiti ni kazi ya wataalamu. Sikubaliani nao. Setilaiti za Landsat zinapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo ni bure kwa kila mtu. Mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipoanza kupigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wanafunzi wa chuo chetu cha SUZA walikuwemo kazini.

Tena wataalamu wanakuhitaji wewe. Kwenye picha ya Landsat, nukta moja ni mita 30 kwa 30. Shamba la mikarafuu huweza kufanana na msitu. Konde uliyoipumzisha kwenye ardhi ya maweni ikiota vichaka, aliyeko ofisini ataiita msitu. Ukirudi kulima, atasema umekata msitu. Anayejua ukweli ni wewe.

Basi fanya hivi. Linganisha picha za msimu mmoja, kwani baada ya masika kila mahali ni kijani. Ukiona badiliko, nenda kwa miguu ukahakikishe. Kisha ipeleke picha kwa sheha kabla kiwanja cha mlimani hakijauzwa, si baada ya msingi kuchimbwa.

Nawe unayeuza mchicha na mchele sokoni, hili ni lako pia. Bonde likikauka, gunia lako litajazwa na nini?