Rangi ya Mimea Nayo Ipimwe

Wapo wanaodhani kwamba rangi ya chakula ikishatoka kwenye mmea haina haja ya kukaguliwa na Serikali. Manjano, husema, yamo katika mchuzi tangu enzi za mababu, na mbegu za mzingefuri ni zawadi ya shamba. Hoja hiyo inavutia, lakini ni ya hatari.

Nchini Bangladesh, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulidhihirisha kwamba wasindikaji wenye tamaa ya faida walikuwa wakiyapaka manjano kromati ya risasi ili mizizi iliyofifia ing'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na dawa ya kuurudisha ulivyokuwa haipo. Serikali ya huko ilipopima bidhaa sokoni na kuwatoza faini wahusika, sampuli zenye risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Miaka miwili tu.

Isongole, wilayani Ileje, ni lango la kuingilia na kutokea Malawi. Gunia la unga wa manjano likivuka hapo bila maelezo ya asili yake, jicho la ofisa, hata awe hodari namna gani, haliwezi kuiona risasi iliyomo. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kuondolewa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Hapana budi jukumu hilo lifike mpakani likiwa na vifaa vya kupimia, maana mihuri peke yake haipimi kitu.

Hata manjano safi yana kiasi chake. Wataalamu wa FAO na WHO wameweka ukomo wa kurkumini, rangi itokanayo na manjano, kuwa miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mlaji. Kwa mtoto wa kilo 20 ni miligramu 60.

Hata hivyo, sheria isigeuzwe fimbo ya kumchapia mkulima. Gharama za maabara zibebwe na msindikaji na mwagizaji wa shehena. Mama auzaye mizizi mibichi kwa mafungu aachwe afanye biashara yake. Naye mwalimu wa Isongole, anapomwona mchuuzi wa barafu za rangi langoni mwa shule, ana haki ya kuuliza rangi ile imetoka wapi, na ofisa afya ana wajibu wa kumjibu kwa cheti cha maabara.