Msituite Wavumilivu, Tujengeeni Choo

Wasee wangu wa Mbita, leo sichekeshi. Leo nina kesi, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likavunja rekodi ya 1964. Kwetu halikuja kwa kishindo kama kimbunga. Lilikuja kama mgeni asiyetaka kuaga. Leo maji yako kwa choo, wiki ijayo yako jikoni, siku moja dani anaamka, anashusha miguu kitandani, anakanyaga maji. Tukahamia chumba kimoja cha kukodi, watu sita. Nilipopata nafasi ya chuo, pesa ya karo ilikuwa imeshageuka kodi ya nyumba. Nilimaliza mihula miwili nikarudi.

Mei 2024, tukiwa tumeanza kusimamisha kuta, ziwa likapita hata kile kiwango cha 2020.

Sasa sikia ujinga wangu. Watu walileta unga na blanketi, mimi nikatoa simu. Nikamrekodi dani akipokea, nikaweka muziki wa huzuni, nikaandika "Sisi hatushindwi." Video ikatembea. Watu wakamwita shujaa, mvumilivu. Nikamwonyesha. Akaangalia mpaka mwisho, akaniuliza, "Nyakwara, kati ya hao wote wanaonisifu, kuna hata mmoja ameuliza choo changu kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Na ninyi pia hamna.

Hapa ndipo tunadanganyana. Mto ukifurika, maji huweza kushuka kwa siku chache. Ziwa sio mto. Maji yake mengi ni mvua inayoangukia ziwani moja kwa moja, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Nile kule Jinja. Mengine yote husubiri jua liyakaushe. Kwa hivyo likipanda, linakaa miezi, hata miaka. Lakini msaada wetu unahesabiwa kwa siku! Unga wa wiki moja kwa hasara ya miaka minne. Hiyo hesabu nani aliifanya?

Tena angalia msimu. Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Yaani maji yanaingia kwa nyumba Mei, wakati mama hana hata gorogoro moja ya kuuza. Mtaji unaliwa, deni linaanza, na Agosti ikifika hana pesa ya kununua mzigo.

Najua mtaniuliza, "Mbona mlijenga karibu na maji?" Omena huanikwa pale pale inaposhukia, la sivyo inaoza. Hiyo omena unayokula Nairobi na ugali moto, kuna mtu amekaa karibu na maji kwa niaba yako. Na ukitaka tuhame, sawa, tuhame wapi? Shamba la juu linauzwa, haligawiwi.

Hatuombi huruma. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya makao na usafi unaofaa. Ndio, choo cha dani kiko kwa Katiba. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Basi tuonyeshwe mpango wa miaka, sio wa siku tatu: sehemu ya kuhamia yenye hati, vyoo vilivyoinuliwa kabla kipindupindu hakijatufundisha, na mkopo nafuu kwa mama wa omena unaotoka kabla ya Agosti.

Mimi ile video nimeifuta. Kikao kijacho cha umma cha bajeti nitakuwa pale na simu yangu, ila safari hii kamera itawatazama wanaojibu. Nyinyi mnaopenda kunitumia makopa, njooni mkae kwa viti. Swali ni moja tu, na ni la dani.