Safari ya Bulabo

Kiangazi kimefika, pamba inauzwa, na hapa Lalago watu wanaulizana: nani atakwenda Bujora, kule karibu na Mwanza?

Bulabo kwa Kisukuma ni maua, yale ya maandamano ya Ekaristi Takatifu. Padre David Clement alizikaribisha ngoma penye kanisa miaka ya 1950. Bagika na Bagalu hucheza saa ile ile, wakielekeana. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Basi kazi ipo!

Mwaka jana nilikwenda na wanangu, nikamwacha mama alinde mbuzi. Niliporudi aliuliza neno moja tu: “Mwanangu, Bagalu walishinda?” Kumbe ujanani alicheza nao. Mwaka huu nauli ni yake. Mbuzi nitawalinda mimi.