Lubumbashi: video ya arusi imekuwa laini kama sinema, lakini sauti ya mjomba haisikiki

Siku za Jumamosi za kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, misafara ya arusi inapita mjini Lubumbashi kwa honi, kutoka Katuba mpaka Kampemba. Karibu kila msafara una kijana mmoja anayetembea kinyumenyume mbele ya maarusi. Magoti ameyapinda kidogo, na kamera iko mbele ya kifua, juu ya mkono wenye mota. Picha anayoitoa inateleza kama mtumbwi juu ya maji. Bibi-arusi anashuka kwenye gari, shela inapepea polepole, kamera inamzunguka mara moja, na vumbi jekundu la Lubumbashi linageuka kama moshi wa sinema.

Picha hizo ni nzuri, na hakuna sababu ya kuzikataa. Lakini katika familia nyingi, kisha miezi miwili mitatu, mazungumzo yanabadilika. Klipu ya dakika nne imeshazunguka kwenye simu zote za ukoo, kila mutu ameisifu. Ndipo mama mkubwa anauliza: na fasi ile mjomba alipoongea iko wapi? Na wale waliotoka Likasi, mbona hawaonekani? Kijana anajibu kwamba video ni hiyo tu. Sinema njo ilikuwa imelipwa.

Kuelewa namna tulivyofika hapa, inafaa kuangalia kwanza bei ya ile mashine. Kutuliza kamera inayotembea ni jambo la miaka ya 1970. Mmarekani Garrett Brown alitengeneza Steadicam, yaani koti lenye mkono wa springi linalobeba kamera mwilini, na watu waliiona kwenye filamu ya Rocky mwaka 1976. Wakati huo ilikuwa kitu cha studio kubwa. Mwaka 2008 kampuni ya Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha inayoweza kurekodi video yenye sura ya sinema, ile ambayo nyuma ya mutu panakuwa na ukungu. Mwaka 2013 ikaja gimbali ya mota ya kampuni ya Freefly, karibu dola 15.000. Miaka mitano tu kisha pale, Ronin-S ya kampuni ya DJI ilianza kuuzwa kwa dola 699. Leo kuna ndogo za simu ambazo ni rahisi zaidi. Kile Hollywood ilichokilinda kama siri ya nyumba kimevuka mpaka wa Kasumbalesa ndani ya begi la mgongoni.

Njo maana katika miaka michache tu mtindo umegeuka. Zamani, wakati wa kaseti za VHS na baadaye DVD, kameramani alisimama kwenye kona ya ukumbi na taa kali, akarekodi kila kitu: meza zote, zawadi zote, hotuba zote, hata watoto waliolala kwenye viti. Video ilikuwa ya saa tatu au nne. Ilichosha. Watu waliitazama wakipeleka mbele haraka, na wageni waliolazimishwa kuiangalia walitafuta sababu ya kurudi nyumbani. Vijana wana haki ya kuicheka.

Gimbali inafanya nini

Ndani ya gimbali kuna vipima-mwendo vidogo na mota tatu. Mkono ukiinama kushoto, mota inapeleka kamera kuume kwa kiasi kilekile, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Inatuliza mizunguko mitatu: kuinama mbele na nyuma, kulalia upande, na kugeuka kushoto na kuume. Lakini haiwezi kuzuia kupanda na kushuka kwa hatua za mutu. Njo maana wenye ufundi wanapinda magoti na kukanyaga kisigino kwanza. Asiyejua anatoa video inayoruka kama gari kwenye mashimo, hata kama amenunua mashine ya bei kali. Pia kamera lazima isawazishwe kwa mkono kabla ya kuwasha mota, na ukibadilisha lenzi unaanza upya. Wakati kijana anasawazisha, padri au mchungaji hamngojei.

Jambo la pili ni mwendo wa polepole. Ili picha ipungue mwendo bila kukatika, kamera inarekodi picha 100 kwa sekunde, kisha zinaonyeshwa 25 kwa sekunde. Sekunde moja inakuwa sekunde nne. Shela inapendeza, machozi yanapendeza. Lakini hakuna mutu anayeweza kuongea mara nne polepole. Mdomo na sauti vinaachana, kwa hiyo sauti inatupwa na wimbo unawekwa juu yake. Hapo njo kuna tatizo lenyewe. Kinacholeta hasara ni kunyamazishwa kwa watu kuliko ule ulaini wa picha.

Arusi ya Lubumbashi inafanyika kwa mdomo

Tuangalie siku ya kulipa mali, ambayo kwa familia nyingi ndiyo arusi yenyewe, na kanisa na ukumbi vinakuja nyuma. Hakuna kitu cha kuteleza pale. Watu wameketi kwenye viti vya plastiki ndani ya parsele, pande mbili zinatazamana. Kila upande una msemaji wake. Kuna mzaha, kuna faini za kujifanya, kuna methali, kuna dakika ya ukali wa kweli juu ya hesabu. Binti anaulizwa mbele ya wote kama tupokee vitu hivi ao hapana, na jibu lake ni neno, si tabasamu.

Na anayeongea si mutu yeyote. Lubumbashi imekusanya makabila tangu ilipoanzishwa mwaka 1910, wakati ikiitwa Élisabethville, na watu waliletwa kutoka mbali kuchimba na kuyeyusha shaba. Kwa Wabemba na Wasanga, ukoo unafuata mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Kwa Waluba wa Katanga, ukoo unafuata baba. Arusi ya Mubemba na Muluba ni mkutano wa sheria mbili, na makubaliano yanapatikana kwa maneno tu, pale pale, mbele ya mashahidi. Miaka kumi mbele, mume akifariki na kukawa na mabishano juu ya nyumba ao watoto, watu watauliza: nani alipokea mali? Ilibaki kiasi gani? Nani alisema nini? Kweli, karatasi ya kwanza ni cheti cha ndoa. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ndoa iliyofanywa katika familia iandikishwe kwa serikali ndani ya mwezi mmoja. Lakini kila mutu anajua ni arusi ngapi zinaishia kwenye parsele bila kufika komini. Kwa familia kama hizo, video ndiyo ilikuwa daftari.

Mji huu una neno kwa kitu cha namna ile. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi mjini zilikuwa na mchoro ukutani: kijiji cha zamani, mwanamke-samaki anayeitwa mamba muntu, wafungwa wa wakati wa Wabelgiji. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ile, aliandika kwamba wachoraji na wenye kununua waliita michoro hiyo ukumbusho. Mmoja wa wachoraji, Tshibumba Kanda-Matulu, alimchorea historia nzima ya inchi, mchoro kwa mchoro, na kila mmoja aliuelezea kwa mdomo. Mchoro ulikuwa unafanya watu waanze kuongea. Ukiutazama bila kusikia maelezo, umepata nusu. Video ya arusi ndani ya sebule ilirithi kazi ile: baba anaisimamisha, anaonyesha kwa kidole, anasema huyu ni nani na alitutendea nini.

Klipu haisimamishwi. Imetengenezwa itazamwe mara moja na ipitishwe kwa mwingine. Na hapa ni lazima kusema ukweli juu ya biashara yake: klipu ni tangazo. Kameramani anapata kazi ya kesho kwa dakika moja inayong'aa kwenye Facebook ao TikTok, si kwa saa mbili za hotuba. Kwa hiyo, bila nia mbaya, anapiga picha kwa ajili ya mteja anayekuja kuliko yule aliye mbele yake. Bibi na bwana wanapendwa na kamera kwa sababu ni vijana na wamevaa vizuri. Bibi kizee wa Kamalondo anayejua majina ya vizazi vitano hauzi kitu.

Kumlaumu kijana huyo peke yake si haki. Wengi hawana mashine zao, wanakodi gimbali na lenzi kwa siku. Montaji inafanyika usiku, saa ambazo umeme wa SNEL umerudi, na ukikatika katikati ya kazi anaanza upya. (Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Lualaba na Haut-Katanga, na kobalti inaingia kwenye batri nyingi za kamera, lakini mwenye kamera wa Ruashi anatafuta jirani mwenye jenereta ili kuchaji batri ile ile.) Ukumbini taa za LED zinaleta mistari kwenye picha. Umeme wetu ni wa hertz 50, kwa hiyo shata ikiwekwa 1/50 ao 1/100 mistari inatulia. Jenereta ikianza kuyumba, inarudi. Familia ikiulizwa kati ya bei ya mutu mmoja na bei ya watu wawili, inachagua mmoja. Kisha inataka sinema na daftari kwa mkono uleule.

Droni ni habari nyingine, na inapita haraka. Kuirusha kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, na sehemu za mji zilizo karibu na uwanja wa Luano si za kuchezea. Kwa wasikilizaji wa Kivu na Ituri hakuna haja ya maelezo marefu: kitu kinachonguruma juu ya kichwa hakileti furaha kwa watu waliokimbia vita.

Na wasikilizaji wale wanahusika zaidi kuliko wanavyofikiri. Familia nyingi za Lubumbashi zina mkono mmoja Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie. Kisha M23 kuchukua Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na safari ya kwenda arusini imekuwa mzunguko kupitia inchi jirani, kwa wenye pesa. Baba mdogo asiyeweza kufika ana njia moja tu ya kuhudhuria. Dakika nne za shela na wimbo zinamwambia kwamba mtoto amependeza. Hazimwambii kama jina lake lilitajwa na msemaji, kama mchango wake ulitangazwa, kama marehemu ndugu yake alikumbukwa. Hata faili ndefu si shida kama watu wanavyosema. Saa moja ya 4K kutoka kwenye kamera inaweza kufika gigabaiti 45, na hiyo haitumiki kwa simu. Lakini hotuba za saa mbili, zikipunguzwa mpaka megabiti 2 kwa sekunde, zinakaa chini ya gigabaiti 2, kiasi ambacho WhatsApp inapokesha kama dokima tangu mwaka 2022. Sura itakuwa ya kawaida. Sauti itakuwa nzima.

Halafu kuna swali la nani mwenye picha. Mara nyingi makubaliano ni ya mdomo, na malipo ni nusu kabla, nusu kisha. Picha mbichi zinabaki kwenye diski ya kameramani, naye akikosa fasi anazifuta ili kurekodi arusi ya Jumamosi ijayo. Familia inagundua siku inapozihitaji. Klipu nayo inawekwa mtandaoni bila mutu kuulizwa, pamoja na sura za watoto na zawadi za pesa zinazohesabiwa. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za mutu binafsi. Karatasi moja yenye sahihi mbili ingetosha kwa mambo mengi: siku ngapi, video gani, picha mbichi zitakaa muda gani, nini kinaweza kuonyeshwa kwa watu wa inje.

Na kwa upande wa kazi yenyewe, suluhisho halidai mashine mpya. Kamera ya pili, hata simu, inasimamishwa kwenye miguu mitatu na kuachwa irekodi bila kusimama, wakati gimbali inazunguka. Simu nyingine, ikiwa imewekwa isiite, inaingia kwenye mfuko wa koti la msemaji na kurekodi sauti. Kwenye montaji, sauti ile inaweza kupita hata juu ya picha za polepole: bibi-arusi anashuka kwenye gari, na anayesikika ni mjomba wake akimkabidhi. Linalobaki ni kameramani kujua nani ni nani kabla ya kuwasha mota. Dada mkubwa wa upande wa mke na kaka wa upande wa mume wanaweza kumwandikia usiku wa kuamkia arusi: majina ya wasemaji wawili, mzee wa kila ukoo, waliotoka mbali, na viti watakavyokaa.