Acheni kutupa makosa /dev/null

Wasee, wale mnaokopi skripti bila kusoma mtanisamehe leo. Hiyo `2>/dev/null` mnaweka mwisho wa kila mstari ndio skrini ikae safi itawaaibisha. Mimi ilishaniaibisha.

Nilipata kazi ya kushuti harusi ya Wanubi hapa Makina. Doluka, akina mama kwa gurbaba zao, klipu 43. Laptop yangu ni mzee, so nikaandika skripti ya bash: soma majina kwenye orodha moja moja, pea ffmpeg ipunguze ukubwa, ukimaliza futa kadi. Nikalala. Asubuhi nikapata klipu tatu. Kadi tupu.

Doo nilirudisha. Lakini mama ya bibi harusi bado tunapatana sokoni, na ananisalimia vizuri tu. Afadhali angenitusi.

Sasa, nini kilitokea? Programu ya Linux kawaida huanza ikiwa na milango mitatu yenye namba: 0 ya kusoma, 1 ya kutoa majibu, 2 ya kutoa malalamiko. `while read` yangu ilikuwa inasoma orodha kupitia 0. ffmpeg iliyo ndani ya hiyo loop inarithi 0 ile ile, na huwa inaisikiliza ikidhani ni wewe unabonyeza kibodi (ukibonyeza q inasimama). Kwa hivyo ikawa inameza orodha yangu herufi kwa herufi. Majina mengine yalipotea kabisa, mengine yalibaki nusu. Inaambiwa itafute `usi07.mp4` badala ya `harusi07.mp4`, inalia kwa mlango wa 2 kwamba hakuna faili kama hiyo. Ililia usiku mzima, manze. Na mimi ndiye niliziba.

Dawa ni kupea orodha mlango wake:

```
while read -r klipu <&3; do
  ffmpeg -nostdin -i "$klipu" "ndogo/$klipu" 2>>makosa.txt
done 3<orodha.txt
```

Namba 3 haina mwenyewe, chukua. Na kadi usifute kabla hujahesabu klipu kwa macho yako.

Kuna wale wataniambia, "Buda, tumia `coproc`." Iko kwa bash tangu toleo la 4.0, mwaka wa 2009. Paipu ya kawaida ni kama ya maji huku Kibera, inapeleka upande mmoja tu. `Coproc` inakupea mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea, ndio uongee na programu kama mko kwa simu. Ni tamu ukiongea na `bc`: unatuma hesabu, inajibu hapo hapo. Jaribu na `sort` uone. Unatuma majina, unakaa kungoja jibu. Na `sort` haiwezi kujibu kabla haijajua umemaliza, so nayo inakungoja. Mtangojeana hadi stima ipotee. Lazima ufunge upande wako wa kutuma kwanza, halafu ndio usome.

Mimi nikihitaji mazungumzo ya pande mbili siku hizi naandika Python, na sioni aibu. Bash naiachia kazi ya kupeleka vitu upande mmoja, makosa yakienda kwa `makosa.txt`, na hiyo faili naifungua kabla sijaguza kadi ya mtu.