Maneno ya Kiingereza na Maana Zake: "Sorry"

Wengi hudhani ya kuwa maneno marefu ya Kiingereza ndiyo magumu. Sivyo. Neno refu hutulazimisha kufungua kamusi, lakini neno fupi hutupita, kwa kuwa twadhani twalijua. Mwezi huu twataka kueleza neno moja fupi, "sorry", ambalo hata watoto wasiojua Kiingereza hulitamka "sori". Tumelichagua kwa sababu lilitukosesha sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alituletea barua tumsomee. Mwanawe alikuwa ameumia mkono kazini mjini, na wakubwa wake walimwandikia mama huyo kwa Kiingereza. Barua haikuwa ndefu. Walisema kwamba wao ni "sorry" kwa ajali iliyompata kijana. Nasi, pasipo kufikiri, tukamsomea: "Twaomba radhi kwa ajali hiyo." Mama akauliza, "Basi, Mwalimu, wamekiri kosa?" Tukamjibu, "Ndivyo ilivyoandikwa." Akauza mbuzi wawili apate nauli, akaenda kudai haki ya mwanawe. Huko akaambiwa ya kuwa hakuna aliyekiri kosa lo lote. Walimpa pole tu. Akarudi mikono mitupu. Alipopita kwetu alisema neno moja: "Mwalimu, barua ilileta pole, nawe ukanisomea toba."

Tangu siku hiyo tumelichunguza neno hili. Asili yake ni katika Kiingereza cha kale, "sarig", lililotoka katika neno "sar", yaani maumivu au jeraha. Ndugu yake wa leo ni "sore", kidonda. Wengi hudhani ya kuwa limezaliwa na "sorrow", huzuni, lakini hilo lina asili nyingine. Mfanano wa sauti na maana ndio uliowakaribisha. Basi "sorry" halikuanza kuwa neno la kuomba. Lilikuwa neno la kueleza hali ya moyo: mimi naumwa. Sababu ya kuumwa haimo ndani ya neno lenyewe. Hatuna budi kuitafuta katika maneno yanayolifuata.

Kwa hiyo matumizi yake ni mengi. Mtu akisema, "I am sorry about your mother," atoa pole ya msiba, wala hasemi ya kuwa yeye ndiye aliyemwua mama. Akisema, "I am sorry I broke your pot," aomba radhi, kwa kuwa amejitaja mwenyewe na tendo lake, kuvunja chungu. Karani akisema, "I am sorry, there is no room," asikitika kwamba nafasi hapana, wala hajakosa. Likitangulia jina la kitu, kama "a sorry house", maana yake ni nyumba duni ya kutia huruma. Na mtu akilitamka peke yake kwa sauti ya kuuliza, maana yake ni, "Wasemaje? Sikusikia."

Sisi twagawa mizigo hiyo kwa maneno mbalimbali. Pole ni ya kumliwaza aliyepatwa na jambo, neno hili lina undugu na kupoa, ndiyo maana aliyeambiwa pole hujibu, "Nimekwisha poa." Samahani na niwie radhi ni za mkosaji. Najuta ni ya moyo unaotamani tendo lisingalitendeka. Mvunja chungu akitoa pole peke yake na kwenda zake, mwenye chungu atanung'unika, na ni haki yake.

Kiingereza nacho kina maneno ya jamaa moja na "sorry". "Excuse me" ni la jambo dogo, kama kupita mbele ya watu. "Apologise" ni kuomba radhi waziwazi, ingawa asili yake ya Kiyunani, "apologia", ilikuwa maneno ya kujitetea barazani. Ndivyo alivyofanya Sokrate alipohukumiwa Athene mwaka 399 kabla ya Kristo. "Forgive me" ndilo zito kuliko yote, kwa maana lamwachia aliyekosewa uwezo wa kukubali au kukataa. "Regret" ni kusikitika au kujuta, nalo hupendwa sana na maofisi. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alilitumia katika Bunge la Uingereza juu ya mateso waliyotendwa watu wa Kenya wakati wa Mau Mau. Serikali yake ilikubali kulipa jumla ya paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228, walakini iliendelea kukana kwamba yapaswa kujibu kwa matendo hayo mbele ya sheria.

Hata mataifa makubwa yamejificha chini ya neno "sorry". Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya vita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, akapotea. Ndege ya Marekani ikatua kisiwani, na watu wake 24 wakazuiliwa. China ilitaka iombwe radhi, Marekani ikakataa kukiri kosa. Tarehe 11 Marekani ikatoa barua yenye maneno "very sorry" mara mbili. China ikawaambia watu wake kwamba imeombwa radhi, Marekani ikasema haikuomba, na wale 24 wakaachiliwa. Neno moja liliwaridhisha wote wawili. Lakini mjane wetu hakuwa na serikali nyuma yake. Yeye alipoteza mbuzi.

Basi, ndugu, mkiombwa kusoma barua ya mtu, tazameni kwanza ni nini kinachofuata "sorry". Mwandishi akitaja tendo lake mwenyewe, semeni radhi. Akitaja tu jambo lililompata mwingine, semeni pole. Mkiwa na shaka, mwambieni mwenye barua maana zote mbili, apate kujua kabla hajauza kitu. Na nyumbani, mume akimkosa mkewe, au mzazi akimkosa mtoto, asitupe "sori" mlangoni na kupita. Alitaje kosa lake kwa jina.

Nasi hatuwezi kuwafundisha hayo tukaacha kuyatenda. Mama yetu, tulisoma barua yako kwa haraka, tukaona aibu kusema kwamba hatuna hakika. Kosa ni letu, si lako, wala si la barua. Twakuomba utuwie radhi. Mbuzi mmoja tumekwisha kukulipa. Wa pili tutamleta baada ya mavuno.