Sarafu bandia ya kale isiyeyushwe, itunzwe

Mwaka 1787 kiwanda cha kifalme cha sarafu cha Uingereza kilichunguza nusu peni za shaba zilizokuwa mikononi mwa watu, kikakuta kwamba ni asilimia 8 tu zilizofanana kwa kiasi cha kuridhisha na sarafu halali ya mfalme. Zilizobaki zilikuwa bandia za viwango mbalimbali, na nyingine vipande vitupu vya shaba visivyo na chapa yoyote. Kibarua wa London au Birmingham alilipwa ujira wake kwa sarafu hizo, na kwa hizo hizo akanunua mkate na mishumaa. Makumbusho yanayoonyesha sarafu halali peke yake, safi na zenye kung'aa, yanamwonyesha mtazamaji soko ambalo halikuwahi kuwapo. Hoja yangu inaanzia hapo. Sarafu bandia ya kale, iliyotengenezwa ili ipite sokoni katika zama zake, ni ushahidi wa historia. Inastahili kukusanywa, kuchunguzwa na kuhifadhiwa na makumbusho yetu na wakusanyaji wetu, mradi iitwe kwa jina lake.

Tazama jinsi ushahidi huo unavyozungumza. Baada ya 1775 serikali ya Uingereza iliacha kufua nusu peni mpya, na wakati huo huo viwanda vilikuwa vikiajiri watu wengi zaidi waliotaka chenji ya mishahara. Pengo hilo likazibwa na waghushi. Sheria nayo ilikuwa imewaachia mwanya kwa muda mrefu: kughushi dhahabu na fedha kulihesabiwa uhaini wenye adhabu ya kifo, lakini kughushi shaba kulikuwa kosa dogo hadi 1771 adhabu yake ilipokazwa. Wajanja wakabuni njia nyingine. Walichora kichwa kinachofanana na cha mfalme, kisha wakabadilisha maandishi yanayokizunguka, ili wakifikishwa mbele ya hakimu wadai kwamba hawakuiga sarafu ya mfalme. Nusu peni halali ilikuwa na uzito wa karibu gramu 10. Nyingi za bandia hazikufika hapo, na upungufu huo ndio uliokuwa faida ya fundi. Mwaka 1797 Matthew Boulton, kwa mashine za mvuke za kiwanda chake cha Soho karibu na Birmingham, alianza kufua peni nene yenye wakia nzima ya shaba, ili anayetaka kuighushi kwa uzito kamili asipate faida. Uhaba wa chenji, udhaifu wa sheria na ustadi wa mafundi wa vichochoroni, yote hayo yanasomeka kwenye sarafu bandia kuliko kwenye zile halali.

Hapa ni lazima tutenganishe mambo mawili. Ipo bandia iliyotengenezwa ili itumike, kama hizo nusu peni, na ipo bandia iliyotengenezwa ili kumwibia mkusanyaji. Bingwa wa aina hii ya pili alikuwa Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyezaliwa 1772 na kufariki 1830. Becker alichonga mwenyewe chapa za sarafu za Wagiriki na Warumi wa kale. Mara nyingine alichukua sarafu ya kale ya kawaida, isiyo na bei kubwa, akaipiga upya kwa chapa yake ili igeuke kuwa sarafu adimu. Inasimuliwa pia kwamba alizitia kazi zake ndani ya sanduku lenye vumbi la chuma, akalifunga kwenye gari lake la farasi na kwenda nalo safari ili misukosuko ya barabara izizeeshe. Mtaalamu akiyachunguza madini ya sarafu ya namna hiyo ataona kwamba ni ya kale, na kweli ni ya kale. Kinachomfichua Becker ni kulinganisha: mstari kwa mstari, herufi kwa herufi, dhidi ya kazi zake zinazojulikana. Ulinganisho huo unawezekana kwa sababu chapa zake zilihifadhiwa, na leo ziko katika makumbusho ya Berlin. Zingeyeyushwa kwa hasira ya waliotapeliwa, kila kizazi cha wanunuzi kingetapeliwa upya.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Katika karne ya 19 biashara ya Zanzibar, kama ile ya Oman, Yemen na Ethiopia, iliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki 1780. Wanunuzi waliiamini sarafu ya mwaka huo kiasi kwamba iliendelea kufuliwa baada ya kifo chake ikiwa na tarehe ile ile. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha safi ni sehemu 833 kati ya 1,000, iliyobaki ni shaba. Uchunguzi wake wa kwanza hauhitaji maabara. Ipime kwa mizani nyeti, kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo, uipime tena. Reale nzima ya kweli itapungua takriban gramu 2.75. Ya shaba ya manjano iliyopakwa fedha, hata ikiwa na uzito kamili, itapungua gramu 3.3 hivi, ya risasi itapungua karibu gramu 2.5. Baadaye geukia ukingo, penye maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma, yaliyoinuka pamoja na mapambo yake. Sarafu ya kusubu kwenye kalibu mara nyingi huonyesha hapo mshono mwembamba, na usoni huwa na vitundu vidogo vya hewa na herufi zilizolegea. Ukikuta sarafu mbili zenye kovu lile lile mahali pale pale, ujue ni kopi zilizozaliwa na mama mmoja.

Reale hiyo inatufundisha pia kwamba mpaka kati ya halali na bandia hauko wazi kila mara. Austria iliiondoa katika matumizi yake 1858, lakini ikaendelea kuifua kwa ajili ya biashara ya nje. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini, ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipata ruhusa ya Austria kuifua Roma. Uingereza nayo ikaanza kuifua London 1936, bila kibali cha Austria, na wakati wa vita ikafuliwa Bombay. Zote zina fedha ya kutosha, na zote zimeandikwa 1780. Wataalamu huzitofautisha kwa vitu vidogo kama lulu za kwenye bizimu ya begani na manyoya ya mkia wa tai. Mtu hawezi kujifunza tofauti hizo kwa maelezo matupu. Anahitaji kuzishika zote, za Vienna, za Roma, za London na zile za kughushi.

Wapo watakaosema kwamba kuzipa bandia thamani ni kuwatia moyo waghushi. Hofu hiyo ina msingi, lakini mghushi wa leo anaishi kwa ujinga wa mnunuzi, na wahenga walishasema mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Wengine watauliza kwa nini makumbusho yenye bajeti finyu yagharimie uongo. Jibu ni kwamba bandia nyingi za aina hii huuzwa kwa bei ndogo, na hasara ya kununua sarafu moja ghali isiyo ya kweli inaweza kuzidi gharama ya droo nzima ya mifano ya kujifunzia. Wapo pia watakaotaja sheria, na hapo nakubaliana nao kabisa: bandia ya fedha inayotumika leo haina nafasi katika mkusanyo wa mtu, ipelekwe polisi au benki. Ninayoitetea ni ile ya fedha iliyokwisha kuondoka sokoni.

Basi yafanyike mambo matatu. Makumbusho yetu yatenge mkusanyo wa bandia wenye kumbukumbu kamili: uzito, kipimo, madini, mahali ilipopatikana na sababu ya kuitilia shaka. Wauzaji wa vitu vya kale walazimishwe kutamka wazi kinachouzwa, kama Marekani ilivyofanya kwa sheria ya 1973 inayotaka nakala ya sarafu iwekewe alama ya kudumu inayosema kuwa ni nakala. Na vijana wanaosomea historia na akiolojia wafundishwe kutumia mizani na lenzi, wasiishie kwenye picha za vitabu. Taifa lisilojua kutambua sarafu ya uongo litauziwa historia ya uongo, na litailipia kwa fedha ya kweli.